Chuma Kitupu Hakishikwi

Kama unataka kumwona Msasa akipandwa na mori, ingia gerejini kwao saa nne asubuhi, nenda moja kwa moja hadi pembe ya nyuma anakopanga vyuma vyake, halafu weka mkono juu ya kimojawapo alichokwisha kukisugua kikawa cheupe. Hata kidole kimoja kinatosha. Utasemwa wewe, litasemwa gari lako, na atasemwa aliyekufundisha kuendesha. Kisha atachukua kitambaa, akitie thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, afute pale ulipogusa mara tatu huku akikutolea macho.

Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kadi ya kliniki. Mtaa mzima unamwita Msasa na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ana miaka arobaini na mitatu, mrefu, mkavu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba milango ya magari tangu utotoni, na kucha amezikata hadi karibu na nyama. Aliwahi kuolewa. Mume alikuwa akilalamika kwamba nyumba nzima inanuka thina, yeye akawa anajibu kwamba hiyo thina ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, na maneno hayo hayo yakarudiwa miaka minne mpaka mwanamume akafunga virago. Msasa husema siku ile alipoteza mume mmoja akapata kabati zima la nguo.

Kazi yake ni kutoa kutu, basi. Hagusi injini, hagusi nyaya za umeme, rangi hapulizi. Gari la zamani likiletwa kufufuliwa, boneti inang'olewa, milango inang'olewa, madigadi yanang'olewa, na vyote vinapelekwa kwake chini ya bati la pembeni, kwenye meza ya mbao iliyofunikwa gunia. Huanza kwa kukwangua, apate kujua kutu imekula kiasi gani. Kisha brashi ya waya. Kisha msasa, kuanzia ule wa punje kubwa unaokwaruza kama ulimi wa paka hadi ule laini ambao ukiupitisha shavuni hauumi. Vitu vidogo, kama bawaba na boliti na vikombe vya taa, huzamishwa ndani ya ndoo ya siki siku mbili, vikitoka huoshwa na kukaushwa papo hapo kwa upepo wa kompresa. Ukiviacha vijikaushie vyenyewe kutu inarudi hujamaliza hata kikombe cha chai.

Anaichukia kutu kwa dhati. Watu wengine huchukia majirani, huchukia mashemeji. Msasa huichukia kutu, na huisema kwa sauti wakati akiisugua. "Umejificha hapa eh? Mjinga wewe. Ulidhani sitakuona?" Mteja mgeni akisikia maneno hayo yakitoka nyuma ya mlango uliosimamishwa, hugeuka kutafuta mtu anayegombezwa.

Aliyemfundisha ni baba yake. Gereji ilikuwa ya baba, na baba alikuwa mtu wa maneno machache mno. Msasa alipokuwa msichana wa miaka kumi na miwili alipewa sufuria la boliti na kipande cha msasa. Alisugua mchana kutwa. Baba akaja, akachukua boliti moja, akaifuta kwa kitambaa cheupe chenye thina, akamwonyesha kitambaa. Kulikuwa na doa la weusi dogo kama inzi. "Bado," akasema baba, akaenda zake. Neno hilo Msasa alilisikia mara elfu. Hakuna siku baba alimwambia umefanya vizuri. Siku chuma kilipokuwa tayari, kitambaa kilitoka cheupe kama kilivyoingia, na baba alikichukua kile chuma bila kusema kitu, akaenda kukipaka praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa, na mtoto alilala usingizi mtamu.

Ukutani, juu ya meza ile, baba aliandika kwa rangi nyekundu na brashi ya inchi mbili: CHUMA KITUPU HAKISHIKWI. Maana kiganja kina jasho, jasho lina chumvi, na chumvi ikikaa juu ya chuma kisicho na rangi huanza kuita kutu pale pale, hata kama jicho halioni. Ukipuliza rangi juu yake, umeifungia humo ndani. Itakaa kimya miezi mitatu, minne, mvua inyeshe kidogo, halafu itapasua. Kwa hiyo kila mtu gerejini huvaa glavu. Na kama umesahau ukashika, unasema, "Nimeshika." Pale palipoguswa panafutwa kwa thina, maisha yanaendelea. Baba hakumfokea mtu kwa kushika. Alimfokea aliyeshika akanyamaza.

Sasa tuje kwa kaka.

Kaka yake anaitwa Bingwa, na jina hilo alijipa mwenyewe. Amemzidi Msasa miaka sita. Ni mpiga rangi, na tuseme ukweli hata kama Msasa hapendi kuusikia: rangi anaijua. Akishika bunduki ya kupulizia, mkono wake hautetemeki, na rangi hukaa juu ya chuma kama maji yaliyotulia kwenye beseni. Tatizo lake ni domo. Bingwa hawezi kumwona mteja akakaa kimya. Mfuko wa shati lake una karanga zilizokaangwa kwa chumvi saa zote, anatafuna, anaongea, anacheka, na kila akifika kwenye sehemu tamu ya maneno yake hupiga bati la gari lililo karibu kwa kiganja, paa! "Hili, mzee wangu, hili litatuzika sisi wote!" Paa! Wateja hupenda. Huondoka wamevimba vichwa kana kwamba wao ndio waliofanya kazi.

Kiganja hicho cha kulia kina vidole vinne na kipande. Alipokuwa na miaka kumi na saba alitaka kuwaonyesha wasichana wawili wa jirani kwamba anaweza kukaza mkanda wa feni huku injini ikinguruma. Feni ikamkata kidole cha pete, kikabaki kifundo kimoja tu. Mama ndiye aliyeukimbilia mkono ule, akaufunga kwa kipande cha kanga yake na kuushikilia juu njia nzima mpaka hospitali. Tangu siku hiyo mkono ule umekuwa kitu kitakatifu nyumbani kwao. "Mkono wa mwanangu," mama husema, na ukisikia anavyosema utadhani mwanawe ana mkono mmoja tu na binti hana hata huo. Nyama nzuri zilienda kwa Bingwa kwa sababu ya mkono. Maji ya kuoga alichotewa na Msasa, mwaka mzima, kwa sababu ya mkono.

Na baba alipofariki, gereji nayo ikaenda kwa mkono. Baba alisema ni ya wote wawili, mbele ya mama, siku tatu kabla hajafunga macho. Arobaini ilipopita mama akawaita kwenye chumba chake nyuma ya gereji, akasema Bingwa ndiye atakayesimamia, kwa sababu wateja wanataka kuongea na mwanamume. Msasa alitoka, akakuta jeki ya zamani imeoza kwa kutu nyuma ya pipa, akaisugua hadi jua likazama. Jeki ile haikuwa na kazi yoyote. Ilikuwa haipandi wala haishuki. Lakini mpaka leo iko pale dirishani, inang'aa kama kijiko cha chai, na ukiiona ndiyo ujue alivyokuwa na hasira siku hiyo.

Mwezi uliofuata Bingwa akatundika kibao kipya mlangoni: BINGWA WA RANGI. Habari za kutu hazikuandikwa popote.

Miaka tisa ikaenda hivyo. Msasa akameza. Alikuwa na pembe yake, meza yake, ndoo yake ya siki na kigoda cha baba cha miguu mitatu, na alijiambia kwamba hivyo vinamtosha. Kisha akaja yule dereva mstaafu.

Alikuwa mzee mpole aliyeendesha gari la hospitali miaka thelathini, na alipostaafu akanunua gari dogo la kijani lililokuwa limelala uani kwa watu, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Boneti yake ilikuwa imeliwa vibaya. Msasa aliifanyia kazi siku kumi na moja. Aliikwangua, akaisugua, akaigeuza, akaisugua kwa ndani, pale kwenye mikunjo ambapo mafundi wengi hupitisha brashi mara moja na kujitia hamnazo. Siku ya kumi na moja, saa sita mchana, kitambaa kilitoka cheupe. Aliifunika kwa shuka safi, akamwambia kaka yake, "Boneti iko tayari. Kesho asubuhi na mapema uipake praima, usiiache." Kisha akavua ovaroli, akampeleka mama kliniki kupimwa presha, maana ilikuwa siku yake, na foleni ya pale unaijua mwenyewe. Walirudi giza limeingia. Asubuhi alipofika, boneti ilikuwa imeshapakwa praima. Gari likakamilika, likatoka likimeremeta, dereva mstaafu akashika mikono ya kila mtu na machozi yakimlengalenga.

Baada ya miezi mitano, mvua zikiwa zimekuja na kwenda, gari lile likarudi.

Msasa alisikia injini, akainua kichwa. Dereva mstaafu alishuka taratibu, akasimama mbele ya boneti amekunja mikono nyuma.

"Shikamoo mzee," Msasa akasema.

"Marahaba mwanangu." Alionyesha tu kwa kidevu.

Katikati ya boneti rangi ilikuwa imevimba. Malengelenge, moja hapa, matatu pale, mengine yameshapasuka na kutoa uchafu wa rangi ya kahawia. Msasa aliinama, akatazama kwa karibu, na alikuwa hajafungua hata mdomo Bingwa alipotokea akitafuna.

Bingwa hakuinama. Hakugusa. Alitupa jicho mara moja.

"Kutu hiyo," akasema. "Imetokea chini. Haikutolewa vizuri. Mzee wangu, mimi naona aibu mbele yako, lakini mimi nilipuliza juu ya kile nilicholetewa." Na akamnyooshea Msasa kidevu, kama mtu anayeonyesha mbuzi aliyekula mboga za jirani.

"Umesemaje?" Msasa akauliza.

"Umesikia."

"Rudia, kaka."

"Nimesema hukusugua vizuri! Siku zile ulikuwa na mambo yako, unaingia, unatoka. Nimechoka kuaibishwa na kazi ya mtu mwingine." Alimgeukia mteja, akalainisha sauti. "Usijali mzee, tunabadilisha mambo hapa. Kuna bwana mmoja ana mashine ya kupuliza mchanga, anasafisha mlango mzima kwa nusu saa. Tumeshakubaliana, ile pembe anachukua yeye." Kisha, bila hata kugeuza kichwa, "Msasa, mpaka Ijumaa uwe umekusanya vitu vyako."

Mafundi wawili waliokuwa chini ya gari jingine waliacha kugonga.

Tumeshakubaliana. Neno hilo ndilo lililomkata Msasa maini. Kumbe jambo lilikuwa limepikwa siku nyingi, na Bingwa alikuwa anasubiri sababu tu, na sababu imejileta yenyewe kwa magurudumu manne. Damu ilimchemka hadi masikio yakawa yanavuma. Alitaka kuchukua ndoo ya siki amwagie mtu. Hakuichukua, akaenda zake nyuma, kwa mama.

Mama alikuwa kitandani kwake akichambua vifungo vya mashati ya zamani, anavipanga kwa ukubwa kwenye kopo. Macho yake yamepungua nguvu, vifungo anavisikia kwa vidole. Msasa alimweleza yote amesimama mlangoni, kwa sauti ambayo hata jirani wa tatu aliisikia.

Mama alitia kifungo kimoja kwenye kopo. "Kaka yako ndiye mkubwa, mwanangu. Na pengine kweli ulichoka siku zile. Mtu huchoka."

"Nilichoka?"

"Nasema pengine."

"Mama, siku ile nilikuwa na wewe! Niliifunika boneti ikiwa nyeupe pe, nikakupeleka kliniki, nikakaa kwenye lile benchi saa sita nzima nimekushikia mkoba. Leo unaniambia nilichoka?" Sauti ilimkatika, akakasirika zaidi kwa sababu imekatika. "Miaka tisa nimemeza. Mmenipa pembe, nikasema sawa. Sasa na pembe mnaichukua, na jina langu mnalipaka matope juu yake. Kazi yangu haikosi, mama. Mimi nina kasoro nyingi, mdomo wangu mbaya, mume alinishinda, lakini kazi yangu haikosi! Njoo uone mwenyewe."

"Nione nini na macho haya?"

"Njoo!"

Mama alichukua fimbo yake.

Walipotoka nje Bingwa alikuwa ameshaanza kumpoza mteja kwa hadithi. Msasa alimpita kama anapita nguzo, akasimama mbele ya dereva mstaafu.

"Mzee, naomba ruhusa yako. Nataka kuifungua rangi hapo palipovimba. Kama chini kuna kutu ya zamani niliyoiacha, basi Ijumaa ni mbali, nitaondoka leo."

"Usiguse gari hilo!" Bingwa akapaza sauti. "Unataka kuharibu zaidi?"

Dereva mstaafu alimtazama Bingwa, akamtazama Msasa. "Gari ni langu," akasema kwa upole wake ule ule. "Fungua, mwanangu."

Msasa alivaa glavu. Alichukua kopo la dawa ya kutolea rangi, akapaka kwa brashi eneo lote la katikati, kubwa kama sinia, malengelenge yote yakiwa ndani yake. Dawa ile inataka dakika kumi. Dereva mstaafu alisimama. Mama aliegemea fimbo. Mafundi wawili walitoka chini ya gari kabisa, wakakaa juu ya tairi kama watu waliokuja kutazama mpira. Bingwa alitafuna karanga, na kila karanga ilisikika.

Rangi ilianza kujikunja. Msasa akachukua kisu cha puti, akaisukuma taratibu kutoka pembeni kuja katikati, kijani ikatoka, praima ya kijivu ikatoka, akafuta kwa kitambaa.

Chuma kilikuwa cheupe. Pembeni kote, juu, chini, kushoto, kulia, kilikuwa cheupe na kikavu kama alivyokiacha siku ile saa sita mchana.

Aliendelea kusukuma kuelekea katikati, na hapo kahawia ikaanza kutokea. Kwanza doa pana la mviringo. Kisha mistari, mmoja wa pembeni, mfupi na mnene. Kisha mmoja mrefu. Wa pili mrefu. Msasa alipunguza mwendo. Mstari wa tatu ulianza vizuri, ukakatika ghafla, karibu kabisa na lile doa pana. Wa nne, wa mwisho, ulikuwa mwembamba na mzima.

Alifuta kwa kitambaa, akarudi nyuma hatua moja.

Kiganja. Katikati ya boneti nyeupe kulikuwa na kiganja cha kulia cha kutu, kimetanuka, kimepigwa kwa nguvu, hata mikunjo yake ilionekana. Vidole vinne na kipande.

Fundi mmoja kati ya wale wawili alisema, "Lo!" kisha akaziba mdomo.

Mama alisogea. Aliinama mpaka pua ikakaribia bati, akatazama kwa yale macho yake mabovu, kutoka upande huu na upande ule. Alinyoosha kidole juu ya ule mstari uliokatika, akakumbuka, akakirudisha bila kugusa.

"Huu ni mkono wa mwanangu," akasema. Safari hii alisema polepole, kama mtu anayesoma barua asiyoitaka.

"Eh!" dereva mstaafu naye akashtuka. "Nimekumbuka. Nilipita jioni moja kuulizia gari. Ukafunua shuka, Bingwa, ukaniambia boneti hii itatuzika sisi wote. Ukaipiga hivi!" Akapiga hewa.

Bingwa alikuwa ameshautia mkono mfukoni. Ulikuwa umeingia wenyewe, pamoja na karanga zake.

"Mtu yeyote anaweza kushika boneti," akasema.

"Basi utoe tuulinganishe," Msasa akasema. "Utoe! Umeuficha wa nini? Miaka thelathini mkono huo unatolewa kila siku tuuonee huruma, leo umeona haya?" Sasa ilikuwa imefunguka, na hakuna mtu ambaye angeifunga. "Ulishika. Sawa, kila mtu hushika. Ulikuwa na thina hapo, hatua tatu. Ungefuta. Ungeniambia asubuhi, 'Msasa, nimeshika,' ningekusema, ningefuta mimi mwenyewe, yangekwisha! Lakini wewe ukapuliza rangi juu ya chumvi yako na karanga zako, ukanyamaza. Na leo umeona malengelenge, hukuinama hata kutazama, maana kosa likionekana hapa lazima liwe langu. Tena hukutosheka na kunitia lawama. Ukauza na pembe yangu! Baba aliandika ukutani kwa herufi kubwa hivi, kaka. Hukuhitaji hata miwani."

Bingwa alitazama ukutani, kisha akatazama chini. Kwa muda alionekana kama yule kijana wa miaka kumi na saba aliyesimama mbele ya feni. Msasa alimwona hivyo, na hakumhurumia hata kidogo.

"Haya, haya," Bingwa akasema mwishowe, akijaribu kucheka. "Tusifanye mambo yawe makubwa. Ni kosa dogo. Msasa, isugue tu hapo katikati, kesho asubuhi naipaka, mzee anaondoka na gari lake. Yameisha."

"Nani aisugue?"

"Wewe. Si ndiyo kazi yako?"

Mafundi juu ya tairi walitazamana. Msasa alifungua mdomo, na maneno aliyokuwa nayo yangechoma nyumba. Lakini mama alikuwa ameshatembea hadi kwenye meza ya gunia, akipapasa kwa fimbo. Aliigusa ndoo, akaigusa brashi, akapata anachokitafuta. Alirudi na jozi ya glavu, akasimama mbele ya mwanawe.

"Mpigie huyo mwenye mashine," akasema. "Mwambie asije. Mpigie sasa hivi, nikisikia."

"Mama, tutaongea baadaye..."

"Sasa hivi."

Bingwa akapiga simu. Alisema maneno sita, akakata. Mama akamnyooshea glavu.

"Vaa."

"Mama, mimi ni mpiga rangi."

"Nimekulea, naijua kazi yako. Vaa." Kisha akamgeukia binti yake. Alitafuta maneno, na haikuwa rahisi, kwa maana hakuwa na mazoea nayo. "Nilisema ulichoka. Hukuchoka. Nimekosa, mwanangu."

Msasa aliitikia kwa kichwa tu kwamba amesikia. Hakulainika. Hasira ya miaka tisa haifutiki kwa kitambaa kimoja, na yeye mwenyewe asingetaka ifutike upesi hivyo. Alikuwa ameibeba mbali mno. Alivuta kigoda cha baba cha miguu mitatu, akakiweka mbele ya boneti, akakaa. Akachagua kipande cha msasa wa punje kubwa, akamrushia kaka yake.

Bingwa akaanza kusugua. Mwanzoni alisugua kwa ukali, kama anayetaka yaishe. Kisha akachoka. Kisha jasho likamtoka, na Msasa akamwambia arudi nyuma asije akadondoshea chuma chake matone. Dereva mstaafu aliletewa kiti na chai. Kidole gumba cha kutu kikatoka, kikafuata kidole cha shahada, halafu kile kirefu. Kipande ndicho kilichong'ang'ania. Bingwa alikisugua muda mrefu kuliko vyote, ameinama, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, mafundi wale walimwona akifanya kazi mdomo umefungwa.

Mwishowe alisimama, akanyoosha mgongo. "Tayari," akasema.

Msasa aliinuka. Alichukua kitambaa kipya cheupe, akakitia thina, akakipitisha juu ya bati mara moja, taratibu, kama alivyofanyiwa yeye tangu ana miaka kumi na miwili. Akakigeuza, akamsogezea kaka yake machoni. Kulikuwa na doa dogo kama inzi.

"Bado," akasema, akarudi kukaa.